Matairi ya Baba wa Ubatizo

Alikuwa na teke lake. Kabla ya kuzungumza na mtu kuhusu gari lolote, liwe lake au la mwingine, Baba wa ubatizo alilizunguka mikono ikiwa mgongoni, akachagua tairi moja, akalipiga kwa ncha ya kiatu, kisha akainamisha kichwa kidogo kusikiliza. Alichokuwa anasikia sikujua, na sijui hadi leo. Baada ya hapo alitoa hukumu. Magari ya watu wengine aliyahukumu vibaya. Lake alilihukumu kwa maneno matatu niliyoyasikia tangu nikiwa mtoto, ambayo siku hizi nikiyasikia hata kwa kondakta asiye na hatia damu inanichemka: bado ina kazi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Watu wa Rombo watamtambua, na wasiomjua hawatapungukiwa kitu. Inatosha kujua kwamba ndiye aliyenisimamia kanisani nilipobatizwa, akaahidi mbele ya padri kwamba atasaidia kunilea. Alitimiza. Ndiyo maana nina hasira. Mtu asiyekulea hawezi kukuudhi kiasi hiki.

Kwake kitu kilitupwa kikishakufa kabisa, na kifo chenyewe alithibitisha yeye. Jembe lake lilikuwa limelika hadi likabaki dogo kama mwiko, na bado alililimia. Redio yake ilifungwa kwa kamba ya mpira. Koti la kanisani alilivaa hadi mkewe akaligeuza ndani nje na kulishona upya, naye akasema sasa amepata koti jipya. Ukimwambia anunue jingine alikuangalia kwa huruma, kana kwamba wewe huelewi dunia inavyokwenda. Bado ina kazi, mwanangu. Kila kitu kilikuwa bado kina kazi.

Na hakuwa bahili. Bahili ningemwelewa, maana unamjua na unamkwepa. Huyu alitoa. Baba yangu mzazi alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kila alfajiri kukata majani ya ng'ombe wetu, bila kuombwa, mpaka tukapata nguvu ya kusimama. Hakuwahi kumpita mama aliyebeba mkungu wa ndizi kwenda soko la mji wa Mkuu bila kusimamisha gari. Vijana wa bodaboda aliwafokea barabarani kwa kuendesha bila kofia, akishuka kabisa na kuzima injini ili wamsikie vizuri. Maisha ya watu wasiomhusu yalimhusu. Nimejaribu mara nyingi kumchukia kwa ukamilifu, na kila mara nafika kwenye yale majani ya ng'ombe nakwama.

Gari lililotuletea balaa lilikuwa gari-nyumba, yaani lori dogo jeupe lenye chumba mgongoni, na ndani ya chumba kitanda, meza, kabati la vyombo, jiko la gesi, sinki lenye bomba, na madirisha yenye mapazia ya maua. Alilinunua kwa Wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wanazunguka nalo Afrika wakachokea Moshi. Wao wakapanda ndege wakarudi kwao, yeye akapanda nalo mlimani. Vijana wa Pasua, ninakokaa na kuuza nafaka, walipoliona mara ya kwanza wakaliita gesti. Mkewe, mama anayepamba altare na kuongoza rozari, alikataa kulipanda mwaka mzima kwa sababu ya jina hilo.

Hakulala ndani yake hata siku moja. Kazi ya lile gari ilikuwa Desemba. Desemba kwetu kila mtu anaijua: watoto waliotawanyika Dar na Mwanza wanapanda mlimani, na asiyerudi lazima awe na sababu nzuri. Mwezi huo Baba wa ubatizo alitupandisha na kutushusha bila kudai chochote, kwenye misa, harusi, kipaimara, kuona wagonjwa. Januari alilirudisha bandani kando ya migomba yake, likakaa hapo hadi Desemba nyingine. Na lilikaa na mzigo. Kwa kuwa ni nyumba, aliliwekea vitu vya nyumba: magunia ya mahindi, mashine ya zamani ya kumenyea kahawa, mabenchi ya jumuiya, tangi la maji limejaa. Paa la banda lilikuwa fupi, kwa hiyo jua la alasiri liliyapiga matairi ya upande mmoja miaka nenda rudi.

Jumamosi aliliosha. Akimaliza kuliosha alichukua kitambaa, akakichovya kwenye oili chafu, akayapaka matairi hadi yakang'aa. Wapita njia walisema, "Mzee, matairi mapya hayo!" Naye alitabasamu bila kukubali wala kukataa. Ukiyatazama haraka ungesema hivyo hivyo. Meno ya matairi yalikuwa marefu, kwa sababu gari halikuwa linatembea. Nyufa zilikuwa ubavuni, na oili ilikuwa imezijaza.

Linalonikera kuliko yote ni kwamba alijua. Ujanani aliendesha malori ya kahawa, na mimi nikiwa shule ya msingi alinipigisha magoti kando ya lori akanionyesha tarakimu zilizochongwa ubavuni mwa tairi. "Hizi mbili za mbele ni wiki, hizi mbili za nyuma ni mwaka," alisema. "Tairi lina siku yake ya kuzaliwa. Mtu akikuuzia tairi akakuficha siku hiyo, anakuuzia jeneza." Maneno yake hayo. Siku moja pale Mkuu alisimama mbele ya basi la wanafunzi, kiuno kimegusana na bampa, akakataa kuondoka mpaka dereva abadilishe tairi la mbele. Dereva alipiga honi, akatukana, akashuka kumsukuma. Hakusogea. Tairi lilibadilishwa, walimu wakamshukuru, na mimi niliyekuwa ndani ya basi nikawaambia wenzangu kwa sauti kwamba yule ni baba yangu.

Basi mtu huyo huyo nilimfuata nyumbani kwake mwanzoni mwa Desemba ile, kabla safari hazijaanza. Nilikuta ameketi na wazee wenzake wawili, ndoo ya pombe ya mbege katikati. Nilisalimia, nikaenda moja kwa moja bandani, nikafuta oili kwa kitambaa. Nyufa zikafunguka. Nikasoma tarakimu. Mwaka uliochongwa pale ni mwaka niliomaliza darasa la saba, na sasa mwanangu mwenyewe yuko sekondari.

"Baba," nikamwita, "njoo uone. Haya matairi yamezeeka."

Alikuja polepole, akalipiga teke, akasikiliza. "Bado ina kazi."

"Angalia mwaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kuusoma."

"Nilikufundisha ya lori. Lori linafanya kazi kila siku ya Mungu. Hili limetembea nini? Limekaa tu."

"Mpira unazeeka hata ukikaa, Baba. Tena na mzigo, tena juani."

"Na mimi nimezeeka, mbona natembea?"

Wazee walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa.

"Desemba hii utampakia Mama humu," nikasema. "Sina mama mwingine."

Akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono mzito wa upendo, ule mkono. "Mwanangu, unasumbuka bure. Hili siyo gari, ni nyumba. Umeona wapi nyumba nzima inabadilishiwa msingi?" Wakacheka tena, akanipa mbege, nami nikanywa nimesimama. Nilirudi Pasua nikiwa nimeshindwa na utani.

Na si mimi peke yangu niliyemwambia. Mjini kuna Singasinga muuza matairi, rafiki yake wa tangu enzi za malori. Walisalimiana kwa kupigana mabega kama vijana. Alipoyaona matairi ya gari-nyumba alimwambia, "Mzee, haya peleka makumbusho. Saizi hii haikai dukani, nitakuagizia Nairobi, yatapitia Holili, utayapata kabla ya Krismasi." Tangu siku hiyo Baba wa ubatizo alivuka barabara akilikaribia duka lile. Nilipomuuliza sababu alisema, "Anataka kuuza." Fundi mmoja wa magari aliyemwonya naye, alisema, alitaka kuuza. Kila aliyemwambia ukweli alikuwa na kitu cha kumuuzia. Mimi nilikuwa nauza nini? Maharage.

Nieleze upande wake mwingine, maana bila huo mwisho hautaeleweka. Alishika mila kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hakuonja nyama kabla ya kila mkubwa kupata sehemu yake. Na isale aliliheshimu kuliko sheria za serikali. Isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo. Likishapandwa mahali, halivukwi wala haling'olewi na mtu mmoja. Mpaka wazee wakae. Jani lake hilo hilo ndilo linalobebwa na mtu anayeomba radhi, na ukiletewa hukatai, hata aliyekukosea awe amekuumiza namna gani. Jirani yake mmoja, katika ugomvi wa njia, alipanda isale katikati ya njia ambayo pikapu ya Baba wa ubatizo ilipita. Njia ilikuwa yake, kila mtu alijua. Alikuwa na panga mkononi, na shina lenyewe lilikuwa jembamba kama kidole. Aliligeuzia shina mgongo, akaiacha pikapu barabarani, akabeba mbolea kichwani msimu mzima wa masika mpaka wazee walipoketi na jirani akaling'oa mwenyewe. Tulimsifu sana. Mimi pia nilimsifu.

Kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kusimama. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kulala miezi kadhaa. Jani lilimsimamisha, na nyufa zile hazikumsimamisha.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya Krismasi, mchana wa jua kali. Tulikuwa tunatoka Mkuu kwenye ubarikio wa ndoa, tunateremka kuelekea Himo. Asubuhi yake alikuta matairi yamelegea, akayajaza upepo hadi yakawa magumu, akayapaka oili. Mimi nilikaa mbele pamoja naye. Mama alikaa nyuma mezani, pale dirishani, kwa sababu alipenda kutazama mashamba ya kahawa yakipita. Alikuwa anaimba. Kisha ukasikika mlio, gari likaenda upande, na tairi la nyuma lililopasuka likaanza kujichana vipande vipande na kupiga sakafu chini ya Mama. Kabati la vyombo likang'oka ukutani. Gari lilipanda kingo ya shamba la watu likasimama kwenye mti wa parachichi.

Nilimkuta Mama chini ya kabati, sahani zimemmwagikia, nyonga imevunjika. Hakupiga kelele. Alinishika kola na kusema, "Usinivute, subiri watu." Watu wakaja. Tukang'oa mlango mmoja wa gari-nyumba tukamlaza juu yake, akina mama wakamfunika vitenge. Nikageuka kumtafuta Baba wa ubatizo anisaidie kushika upande wa kichwa.

Alikuwa barabarani, ameinama, anatafuta msumari.

Nakumbuka mgongo wake ulivyoinama, na koti lile lililogeuzwa ndani nje. Alitembea akipekua vumbi kwa ncha ya kiatu. Nikamwita, hakusikia. Nikamwita tena. Ndipo akanyanyua mkono, ameshika kitu kidogo chenye kutu, msumari wa bati ambao ungeuokota kando ya barabara yoyote Tanzania, na akasema kwa sauti ya mtu aliyefarijika, "Nimeuona! Ni msumari!" Mama yangu alikuwa amelala juu ya mlango.

Aliutia mfuko wa shati. Hospitalini aliwaonyesha manesi. Aliwaonyesha jumuiya walipokuja kusali, akaupitisha mkono kwa mkono, na watu wazima wenye akili zao wakaupima na kutikisa vichwa. Shetani, walisema. Mapenzi ya Mungu, walisema. Mmoja akaniambia nishukuru kwamba hakufa mtu. Nilitoka nje nikasimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, nikatukana matusi ambayo sikujua ninayajua. Kila siku alileta mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai, kila siku, amepika mkewe, na kila siku alikuwa na ule msumari mfukoni.

Mama alimsamehe kitandani bila kuombwa. "Ni ajali, mwanangu," aliniambia. Mama ambaye alikuwa akishuka mtoni na kupanda, akichuma kahawa yake mwenyewe, sasa anatembea kwa kiti cha plastiki. Anakisukuma mbele, anakishika, anavuta mguu. Kahawa anaiona kutoka kibarazani. Ni ajali, anasema, na mimi najibu kwamba ajali haichongwi mwaka ubavuni ili usome.

Mwaka karibu mzima hatukusemeshana. Tukikutana kanisani nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Watu walilalamika kwamba nina roho ngumu. Desemba iliyofuata nilikuwa nimepanda kwa Mama kumsaidia kupiga deki na kuandaa nyumba, nikasikia injini ninayoijua ikipanda kilima. Gari-nyumba likaingia uani. Lilikuwa limepigwa rangi, mlango umerudishwa. Likasimama kando ya migomba, likinukia sabuni.

Akashuka amevaa lile koti. Mkononi alikuwa na jani la isale. Sikuwahi kumwona akiwa mdogo kiasi kile. Alikwenda kwanza kwa Mama kibarazani, akampa kwa mikono miwili, Mama akapokea na machozi yakamtoka. Kisha akaja kwangu na jani la pili.

"Mwanangu," alisema, "nimekukosea wewe na mama yako. Siyo msumari. Nilijua siyo msumari. Nakuomba."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo mwaka mzima, na yalipokuja yalinikuta bila silaha. Nikalipokea jani. Nikasema nimesamehe, na nilimaanisha, Mungu ananiona. Mama akapiga kigelegele chembamba cha mtu aliyeketi. Baba wa ubatizo akajifuta uso kwa mkono wa koti, akacheka, akawa yule yule wa zamani.

"Basi mama avae," alisema. "Nimekuja kuwachukua. Jumapili kuna harusi Mkuu, mtalala kwetu. Nimemwekea godoro nyuma, atalala kabisa njia nzima."

Mama alikuwa ameshaanza kuniita nimletee kitenge kizuri.

"Baba," nikasema, "matairi umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Yote?"

Hapo akatazama migomba. "Lile lililopasuka."

Nilikwenda kwenye gari. Lile moja la nyuma lilikuwa jipya kweli, na vinyweleo vyake vya mpira vikiwa bado havijakatika. Mengine yaling'aa kwa oili. Nikafuta la mbele kwa kiganja, na nyufa zikafunguka pale pale, pana kuliko mwaka jana, kidole kikaingia hadi ukucha. Alikuja nyuma yangu. Nilimsikia akikohoa, na kabla sijanyanyuka nikaona kiatu chake kikipita kando ya sikio langu, taratibu, bila ubaya wowote, kikaligonga tairi. Akainamisha kichwa.

"Haya," alisema, "bado ina kazi."

Nilichukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye mgomba, nikaenda mpakani kwetu, nikakata shina la isale lenye majani yake, nikarudi. Ardhi ilikuwa na unyevu. Nikachimba kwa ncha ya panga mbele ya gurudumu la mbele, nikalipanda shina, nikalishindilia kwa kisigino.

Alibadilika rangi. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimeweka mpaka, Baba."

"Si umepokea jani langu? Umenisamehe."

"Nimekusamehe. Jani lako ninalo. Hili ni la gari."

Alilitazama lile shina muda mrefu. Lilikuwa jembamba kama lile la jirani yake, angeweza kuling'oa kwa vidole viwili. Mikono yake ikafunguka, ikafumba. Nyuma ya gari uwanja ulikuwa wazi, angeweza kurudi kinyumenyume akaenda zake, na nadhani wote watatu tuliliona hilo kwa wakati mmoja. Ndipo Mama, mwenye kusamehe bila kuombwa, akasema kutoka kibarazani kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Panda na nyuma."

Nikakata shina jingine, nikalipanda na nyuma.

Baba wa ubatizo alivua kofia, akamuaga Mama, akashuka kilima kwa miguu kwenda kutafuta bodaboda. Nilimsikia kule chini akimgombeza kijana kwa sababu hana kofia ya abiria.

Masika yamepita, masale yamechipua. Gari bado liko uani, kuku wanataga chini yake. Baba wa ubatizo hajawaita wazee, kwa sababu wakikaa watauliza habari ya matairi, na Singasinga yuko tayari kumwagizia wakati wowote. Jumapili tunasalimiana vizuri kanisani; ananishika mkono na kuniuliza biashara inaendaje. Watu wananiuliza kama nimemsamehe, nasema ndiyo. Wananiuliza basi hasira hii nitaitupa lini. Nawaambia bado ina kazi.